Mke, Suria na Mjakazi: Sharia na Ndoa katika Unguja ya Zamani

Wiki iliyopita tulizungumza habari za karafuu na mashamba. Leo tunaingia ndani ya nyumba. Chukueni daftari zenu mwandike maneno matatu: mke, suria, mjakazi.

Katika Unguja ya karne ya 19 wanawake hawa watatu waliweza kukaa nyumba moja na kunywa maji ya mtungi mmoja. Pengine rangi yao ilikuwa moja, na dini yao moja. Lakini kila mmoja alikuwa na jina lake katika sharia ya dini. Jina hilo ndilo lililoamua nani ana haki ya kulala naye, watoto wake ni wa nani, avae nini, na akitaka kuondoka afuate njia gani. Tutatazama majina hayo yalikuwa na nguvu gani, na wanawake wenyewe walifanya nini nayo.

Najua wako watakaosema kwamba mambo ya chumbani hayana historia, na kwamba mtu mzima hafundishwi habari hizo kwa redio. Mimi sioni hivyo. Vita vya wafalme na mikataba yao tunavisoma kila siku, na mara nyingi chanzo chake ni swali la nani mtoto halali wa nani.

Tuanze na sharia yenyewe. Katika Uislamu mwanamume na mwanamke hawakaribiani ila kwa njia inayojulikana. Njia ya kwanza ni ndoa. Hapo pana walii, yaani msimamizi wa mwanamke katika kuozwa. Pana mashahidi wawili. Pana mahari, na mahari ni mali ya mwanamke mwenyewe, si ya baba yake. Mume haruhusiwi kuwa na wake zaidi ya wanne kwa wakati mmoja. Njia ya pili, ambayo wanazuoni wa zamani waliikubali wakati utumwa ulipokuwapo, ilikuwa ya bwana na mjakazi anayemmiliki. Hapo hapakuwa na mahari wala mashahidi, na ile hesabu ya wanne haikuhusu. Mjakazi aliyetwaliwa na bwana wake kwa njia hiyo ndiye aliyeitwa suria. Sharia haikumlazimisha bwana kumwuliza kama anaridhika. Na kinyume chake kilikatazwa kabisa: bibi muungwana hakuweza kumtwaa mtumwa wake mwanamume. Bwana alifunguliwa mlango ambao bibi alifungiwa.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi hulisahau. Suria akizaa, na bwana akamkubali mtoto, mtoto yule alikuwa huru tangu siku ya kuzaliwa. Alirithi kwa baba yake sawasawa na ndugu zake waliozaliwa na mke wa ndoa. Mama yake naye hakuuzwa tena wala kutolewa zawadi. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani, bwana akifa mama yule alikuwa huru. Waarabu humwita umm walad, yaani mama wa mtoto. Mfano unaojulikana sana ni wa Mariya Mkopti, aliyeletwa kutoka Misri, akamzalia Mtume mwana aliyeitwa Ibrahim.

Lakini mjakazi yule yule, kama bwana wake hakumtwaa bali alimwoza mtumwa, watoto wake walizaliwa watumwa, mali ya mwenye mama yao. Hata mahari yake aliyachukua bwana. Fikirini jambo hili. Tumbo ni moja na mama ni mmoja. Akizaa na bwana, amezaa muungwana wa kurithi shamba. Akizaa na mtwana, amezaa mtoto wa kuhesabiwa pamoja na minazi na ng'ombe. Tofauti ilitoka kwa mwanamume, na mwanamume huyo mara nyingi si yeye mama aliyemchagua.

Mambo haya hayakuanzia kwetu. Katika Baghdad, makhalifa wa ukoo wa Abbasi karibu wote mama zao walikuwa watumwa. Harun al-Rashid, aliyetawala tangu mwaka 786 hata mwaka 809, alizaliwa na Khayzuran, mtumwa ambaye baadaye aliachwa huru akaolewa. Harun alipokufa, wanawe wawili walipigania ufalme. Mmoja, al-Amin, mama yake alikuwa Zubayda, binti wa ukoo wa kifalme. Wa pili, al-Ma'mun, mama yake alikuwa mjakazi wa Kiajemi. Aliyeshinda ni mwana wa mjakazi. Basi mtu akikuambia kwamba mtoto wa suria alikuwa mtoto wa haramu, mwambie arudi chuoni.

Turudi Unguja. Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja, alifariki baharini mwaka 1856 akiwa safarini kutoka Omani. Binti yake Salme ameandika kwamba baba yake aliacha masuria 75 na watoto 36 waliokuwa hai. Mke wake mkubwa, Bibi Azza binti Seif, hakuwa na mtoto. Watoto wote 36 walikuwa wa masuria. Masultani wanne waliofuatana baada yake, yaani Majid, Barghash, Khalifa na Ali, walikuwa wanawe. Mama yake Majid alitoka Circassia, nchi iliyo karibu na Bahari Nyeusi. Mama yake Barghash alikuwa Mhabeshi. Kwa maneno mengine, tangu mwaka 1856 hata mwaka 1893, kiti cha Unguja kilikaliwa na wana wa wanawake walioingia katika jumba lile wakiwa watumwa.

Mama yake Salme mwenyewe aliitwa Jilfidan. Naye alikuwa wa Circassia. Alitekwa vitani angali mtoto mdogo, na wazazi wake wakauawa. Alifikishwa kwa Sayyid Said, akalelewa pamoja na mabinti wake, na alipokua akawa suria wake. Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, nje kidogo ya mji. Anasimulia jinsi Bibi Azza alivyojiweka juu ya wote, na jinsi masuria wa Circassia walivyokataa kula pamoja na Wahabeshi. Sharia iliwapa wote jina moja, lakini wao kwa wao walijigawanya kwa rangi. Mtu anayedhulumiwa hakosi kutafuta wa kumdharau.

Salme naye alikutana na ukuta wa sharia, ila ukuta wake ulikuwa mwingine. Mwanamume Mwislamu aweza kumwoa Mkristo au Myahudi. Mwanamke Mwislamu hawezi kuolewa na asiyekuwa Mwislamu. Salme alipendana na jirani yake mjini, mfanya biashara Mjerumani aliyeitwa Heinrich Ruete, akachukua mimba. Mwezi wa Agosti mwaka 1866 alitoroka kwa manowari ya Kiingereza mpaka Aden. Huko alijifungua. Mwaka 1867 alibatizwa, akaitwa Emily, akaolewa siku ile ile, kisha akaenda Ujerumani, ambako alifariki mwaka 1924. Kitabu chake kilitoka mwaka 1886, na bila kitabu hicho tungejua machache sana ya ndani ya majumba yale. Msisahau kwamba wasichana wa wakati wake walifundishwa kusoma tu. Kuandika alijifundisha mwenyewe kwa siri. Ninyi wa madarasa ya kisomo mna haki ya kujivunia mwenzenu. Lakini msimwamini katika kila jambo. Alikuwa binti wa mfalme, alihudumiwa na watumwa tangu utoto, na katika kitabu kile kile aliutetea utumwa.

Sasa tufike mahali ambapo sharia ya dini na sheria ya Serikali ziligongana. Mwaka 1873 Sultan Barghash, kwa kulazimishwa na Waingereza, alifunga masoko ya watumwa na kukataza kuwasafirisha baharini. Mwaka 1890 Unguja iliwekwa chini ya ulinzi wa Uingereza. Kisha tarehe 6 Aprili 1897 Sultan Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuondoa utumwa katika Unguja na Pemba. Watu hawakuamka asubuhi wakakuta wote ni huru. Kila mtumwa aliyetaka uhuru alipaswa kwenda mwenyewe kuuomba mbele ya baraza, na bwana wake alilipwa fidia. Mtumwa hakulipwa.

Na masuria je? Masuria walitengwa. Amri ile ilisema kwamba suria ahesabiwe kama mke katika nyumba, akae na bwana wake kama zamani. Akitaka kutoka, aonyeshe mbele ya baraza kwamba ametendewa ukatili. Aliyekuwa hajazaa aliweza kukombolewa kwa idhini ya baraza.

Tazameni vizuri ujanja wa neno hilo “kama mke”. Mke ana mahari, suria hana. Mke akichoka aweza kudai talaka, au kujivua kwa khului, yaani kumrudishia mume mali ili aachwe, au kumwomba kadhi avunje ndoa. Suria hana talaka, kwa kuwa hakufungiwa ndoa. Basi alipewa jina la mke pale jina lilipomfunga, na akanyimwa pale ambapo lingemfungua. Balozi wa Uingereza wa wakati ule, Sir Arthur Hardinge, alikuwa na hoja zake: kwamba kuwafungulia masuria kutavuruga nyumba za wakubwa, na kwamba wanawake wakitoka watakuwa malaya. Hofu ya kwanza ilikuwa ya kweli, kwa maana wakubwa wangekasirika, na Serikali iliwahitaji. Hofu ya pili sina heshima nayo. Dola iliyojisifu duniani kote kwa kuvunja utumwa ilichukua neno la dini ya watu wengine ikalifanya kufuli.

Matokeo yake ni kwamba neno suria lilipata thamani mpya. Wako mabwana waliodai mbele ya mabaraza kwamba mwanamke aliyekuja kuomba uhuru si mjakazi bali ni suria, ingawa alikuwa akilima shambani kama wenzake. Mwanamke naye akapaswa kubisha kwamba hakuwa suria hata siku moja. Jambo ambalo dini inataka lisitirike likawa la kusemwa mbele ya makarani. Na bwana akifa, kesi iligeuka. Sasa ni mwanamke aliyeshika neno lile kwa nguvu, akisema alikuwa suria na mtoto huyu ni wa marehemu, apewe fungu lake. Na warithi wengine ndio waliokana. Neno moja, leo linakufunga, kesho linawalisha wanao.

Hali hiyo ilidumu miaka 12. Mwaka 1909, katika utawala wa Sultan Ali bin Hamoud, amri nyingine ilimaliza utumwa wa kisheria, na masuria nao wakaweza kutoka. Katika pwani ya Kenya sheria ya kuondoa utumwa ilipita mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922.

Je, masuria walitoka? Wengine walitoka. Wengi walibaki, na tusiwacheke. Aliyezaa alikuwa na jambo zito kuliko yote, nalo ni watoto. Kwa nasaba mtoto ni wa baba. Akiondoka, anaiacha nyumba ambamo wanawe watarithi. Tena aende wapi? Kwao pengine ni Nyasa au Manyema, safari ya miezi, na jina la kijiji amekwisha lisahau. Mabwana wengine waliwapa masuria wao uhuru, kisha wakawaoa kwa mahari na mashahidi, na kwa nje hakuna kilichobadilika: chumba ni kile kile. Lakini sasa mwanamke alikuwa na mahari mkononi na njia ya kadhi mbele yake.

Liko jambo jingine linalohusu wajakazi wote waliopata uhuru, nalo ndilo linaloonyesha zaidi jinsi dini ilivyokuwa ndani ya mioyo ya watu wenyewe, si katika vitabu vya makadhi tu. Mwanamke amepata hati ya uhuru ya Serikali. Anataka kuolewa. Anakwenda kwa kadhi, na kadhi anauliza: walii wako nani? Hana baba wala ndugu anayejulikana. Katika sharia, mtumwa aliyeachwa huru akiwa hana jamaa wa kiume, walii wake ni yule aliyemwacha huru. Lakini aliyemwacha huru hapa ni nani? Wanazuoni wengi walisema Serikali haiwezi kutoa uhuru wa mtu ambaye si mali yake. Kwa hiyo mbele ya Mungu mtu huyu bado ni wa bwana wake mpaka bwana atamke kwa hiari. Na mtumwa haolewi bila idhini ya bwana. Akiolewa hivyo, ndoa ina shaka, na ndoa yenye shaka inakaribia zinaa.

Basi ikawa wanaume na wanawake wenye hati ya Serikali mfukoni walirudi kwa mabwana wao wa zamani kuomba neno: waachwe huru kwa dini, au wapewe idhini ya kuoa na kuolewa. Mambo hayo yalionekana Unguja na Mombasa pia, miaka mingi baada ya amri zenyewe. Hati ya Serikali ilimtoa mtu shambani, lakini haikumtoa katika shaka ya usiku, anapolala na mwenzake na kujiuliza kama ni halali. Wako mabwana waliotoa neno kwa moyo mweupe. Wengine walidai wapewe sehemu ya mahari.

Njia ya kutoka ilikuwa ndani ya sharia hiyo hiyo. Asiye na walii, walii wake ni mtawala, na kadhi husimama mahali pa mtawala. Kadhi aliyetaka kusaidia aliweza kumwoza mwanamke mwenyewe, na wanawake wakajifunza kumtafuta kadhi wa namna hiyo. Mwanamke aliyezaliwa mali ya mtu sasa aliweza kuja barazani akidai mahari aliyoandikiwa, chakula na nguo, au talaka. Alidai kwa jina la mke, na jina hilo sasa lilikuwa lake.

Lilibadilika hata vazi. Katika vitabu vya fikihi vya zamani mjakazi hakulazimishwa kufunika kichwa kama mwanamke muungwana. Kujisitiri kulikuwa alama ya uungwana. Kwa hiyo wajakazi walijifunga kaniki au merikani mwilini, na kichwa wazi. Mabibi wakubwa wa Mombasa walitembea ndani ya shiraa, hema la nguo lililoshikwa na watumwa pembeni, asionekane hata kidole. Utumwa ulipokwisha, wajakazi wa jana walinunua kanga, na mwanzoni mwa karne ya 20 wakavaa buibui. Mgeni kutoka Ulaya alipoona buibui alifikiri anaona kifungo. Kwa mwanamke ambaye mama yake alikatazwa kujifunika, lilikuwa na maana nyingine kabisa.

Na neno dogo juu ya kungwi, maana najua mtaniuliza. Dini haikuona haya kusema kwamba mke na mume wana haki ya kustareheshana. Lakini adabu ya pwani ilikataza mama kuzungumza jambo hilo na binti yake. Kazi hiyo ilikuwa ya somo au kungwi, na mara nyingi huyo alikuwa mwanamke wa asili ya utumwa, mwenye ngoma za unyago kutoka bara. Hivyo binti wa muungwana alijifunza unyumba kwa mtu ambaye familia yake isingekubali aoe kwao.

Hapo tumefika kwenye kufu. Kufu ni kulingana kwa mume na mke. Katika madhehebu ya Shafii walii aweza kukataa binti yake asiolewe na mtu wa chini yake kwa nasaba, uhuru, dini au kazi. Angalieni kwamba sheria hii ina upande mmoja tu. Mwarabu alioa Mwafrika, watoto wakawa Waarabu kwa baba. Lakini Mwafrika hakupewa binti wa Kiarabu. Karne nzima damu ilichanganyika chini ya sheria iliyosema haichanganyiki, maana iliruhusiwa kushuka kwa mwanamume na haikuruhusiwa kwa mwanamke.

Hasira juu ya jambo hilo haikusahauliwa. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 Serikali ya Unguja ilitangaza vita juu ya ubaguzi katika ndoa. Mwezi wa Septemba mwaka 1970 wasichana wanne wa asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu watu wakubwa wa Serikali waliowazidi umri sana, na jamaa zao waliopinga walikamatwa. Habari hiyo ilienea duniani. Waliowatetea wasichana walisema sharia imevunjwa. Wenye amri walisema ubaguzi umevunjwa. Wazee wa kufu walikuwa wakiwaoza mabinti ili kulinda nasaba, na wakubwa wa mwaka 1970 waliwaoza ili kuivunja. Nimetafuta katika maneno ya pande zote mbili mahali ambapo msichana mwenyewe aliulizwa, sikupaona. Mwaka uliofuata, 1971, Sheria ya Ndoa ilipitishwa kwa upande wa Tanzania Bara, ikitaka ridhaa ya hiari ya wote wawili. Unguja na Pemba haikufika. Huko kesi za ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu zinaendelea mbele ya kadhi.

Kabla ya kuagana, fungueni tena daftari. Chini ya yale maneno matatu ya mwanzo ongezeni manne: walii, mahari, nasaba, kufu. Kila mmoja aandike sentensi moja kwa kila neno, kwa maneno yake mwenyewe, wala asininakili. Aliye na bibi mzee nyumbani amwulize kwa adabu mambo mawili tu: ndoa yake aliisimamia nani, na mahari aliyapokea nani. Majibu yaletwe darasani kwa mwalimu. Wiki ijayo tutakuwa na habari za reli ya kati, kutoka Dar es Salaam mpaka Kigoma. Kwaherini.